Nusu siku kwenye mashamba ya chai ya Makinohara, Japani: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Ukurasa huu ni wa wasafiri wanaokwenda Japani, pamoja na wenzetu walioko huko kwa masomo au kazi, wanaotaka kuiona chai ya kijani ikiwa bado shambani. Majibu yanahusu eneo moja tu: uwanda wa Makinohara na mji wa Shimada, mkoani Shizuoka, njiani kati ya Tokyo na Nagoya. Ukianza mapema, saa sita au saba mchana umeshamaliza.

Kwa nini Makinohara, wakati kila mtu anataja Uji?

Uji inastahili sifa zake. Iko kusini mwa Kyoto, ina hekalu la Byodoin ambalo jumba lake la mwaka 1053 limechorwa kwenye sarafu ya yen 10, na ukingoni mwa daraja lake kuna duka la Tsuen linalohesabu umri wake tangu 1160. Ukitaka mahekalu na bakuli la matcha, yaani chai ya kijani iliyosagwa ikawa unga, nenda Uji wala usisite. Ila wengi hushuka stesheni pale wakitazamia mashamba, wakakuta maduka. Sehemu kubwa ya chai ya Kyoto hulimwa vilimani, hasa Wazuka, na huko kufika kwa basi kunataka subira.

Makinohara ni mashamba kwanza, mengine yote baadaye. Ni uwanda ulioinuka magharibi ya mto Oi, una hekta zipatazo 5,000 za michai, na hakuna eneo moja la chai Japani linaloufikia kwa ukubwa. Hakuna foleni ya watalii. Utasikia mashine za wakulima, na siku ya mawingu machache utauona mlima Fuji ng'ambo ya mto.

Ratiba yenyewe ikoje?

Ninayoipendekeza ni hii. Panda treni ya kawaida ya JR Tokaido asubuhi kutoka Shizuoka hadi Shimada, kama nusu saa. Kutoka stesheni tembea dakika 20 hivi hadi daraja la Horai, livuke, kisha urudi. Panda treni tena kituo kimoja hadi Kanaya. Hapo panda mlima kwa miguu kupitia njia ya mawe ya Kanaya, pita kwenye magofu ya ngome ya Suwahara, utokee mashambani. Malizia kwenye jumba la makumbusho ya chai, unywe kikombe, ushuke kwa basi au teksi. Yote hayo ni saa tano hivi, ukitembea kwa mwendo wa kawaida na kupiga picha za kutosha.

Asiyependa kutembea aanzie Kanaya moja kwa moja na kupanda basi hadi makumbusho. Atakosa daraja, nalo kwa maoni yangu ndilo linaloeleza mashamba yale kuliko bango lolote.

Nitatokaje Tokyo?

Kwa Shinkansen, treni ya mwendo kasi, hadi Shizuoka. Angalia jina la treni kabla ya kupanda: Hikari na Kodama husimama Shizuoka, Nozomi haisimami, itakupitisha hadi Nagoya huku unachungulia dirishani. Si kila Hikari husimama pia, kwa hiyo soma ubao. Hikari huchukua kama saa moja, Kodama saa moja na nusu hivi. Nauli ni karibu yen 6,000 kwa upande mmoja.

Juu ya uwanda huohuo wa chai kuna uwanja wa ndege wa Shizuoka, uliofunguliwa mwaka 2009. Shinkansen hupita kwenye handaki chini yake kabisa, lakini hakuna stesheni. Watu wa Shizuoka wamelilalamikia jambo hilo kwa miaka.

Nani alipanda mashamba haya? Ni ya kale sana?

Hapa ndipo wageni hushangaa. Ukiona mistari ile iliyonyooka hadi upeo wa macho utadhani imekuwepo tangu zama za watawa waliovusha mbegu za chai kutoka China. Chai Japani ni ya kale kweli: mtawa Eisai alirudi na mbegu mwaka 1191, na mwaka 1211 aliandika kitabu kuhusu chai na afya. Makinohara yenyewe lakini ilikuwa nyika kavu, isiyo na maji, iliyoachwa kwa nyasi na vichaka hadi mwaka 1869. Yaani imeitangulia Limuru, ambako miche ya kwanza ya Kenya ilipandwa mwaka 1903, kwa miaka 34 tu.

Walioipanda walikuwa watu waliopoteza kazi. Mwaka 1867 shogun (mtawala wa kijeshi) wa mwisho, Tokugawa Yoshinobu, aliyarudisha madaraka kwa mfalme, kisha akaja kuishi Shizuoka. Nyuma yake walikuja samurai waliokuwa walinzi wake. Utawala umekwisha, mshahara umekwisha, na mtu aliyefunzwa upanga tangu utotoni hana kingine anachokijua. Kundi moja likiongozwa na Chujo Kageaki likaomba ardhi Makinohara, likachukua majembe. Walichagua chai kwa hesabu ya biashara: bandari ya Yokohama ilikuwa imefunguliwa mwaka 1859, na chai ilikuwa ya pili baada ya hariri kati ya bidhaa zilizouzwa nje, nyingi ikienda Marekani.

Hesabu ilikuwa sahihi ila mchai hauna haraka. Hupita miaka kadhaa kabla haujatoa mavuno ya maana, na maji yalipaswa kubebwa kutoka mabondeni. Samurai wengi walishindwa wakaondoka. Inasimuliwa kwamba Chujo alipoitwa kuwa gavana wa mkoa wa Kanagawa alikataa, akasema yeye atakuwa mbolea ya michai. Alibaki hadi kufa kwake mwaka 1896.

Na wapagazi wa mto Oi ni akina nani?

Hao ndio kundi la pili, na hadithi yao husimuliwa kwa sauti ndogo kwa sababu hawakuwa na panga. Enzi za mashogun ilikatazwa kujenga daraja au kuvusha watu kwa mashua kwenye mto Oi, ingawa barabara kuu ya Tokaido kati ya Edo, yaani Tokyo ya leo, na Kyoto ilipita hapo. Msafiri alivushwa mabegani mwa mpagazi, au kwenye machela iliyobebwa na watu kadhaa ikiwa alikuwa na pesa. Bei ilitegemea kina cha maji: magotini nafuu, kifuani ghali. Mvua ikizidi, mto ulifungwa na wasafiri wakalala Shimada au Kanaya hata kwa siku kadhaa, jambo lililowafurahisha sana wenye nyumba za wageni.

Mwaka 1870 marufuku iliondolewa. Kwa amri moja, mamia ya wapagazi wakawa hawana kazi. Baadhi yao walipewa ardhi Makinohara, nao wakapanda chai. Wakulima wa vijiji vya jirani waliingia baadaye, na hao ndio walioisimamisha kweli.

Daraja la Horai lina nini cha pekee?

Lilijengwa mwaka 1879 kwa ajili ya wakulima hao hao, waende mashambani ng'ambo na warudi Shimada. Lina urefu wa mita 897.4, na mwaka 1997 liliingia kwenye kitabu cha rekodi cha Guinness kuwa daraja refu zaidi la mbao la waendao kwa miguu duniani. Nguzo za chini siku hizi ni za zege, maana mafuriko yalizoa zile za mbao mara nyingi, lakini sakafu na kingo ni mbao tupu. Kiingilio ni yen 100 kwa mtu mzima. Ni daraja la kulipia tangu siku ya kwanza.

Ukiwa katikati, mbao hulia chini ya viatu, na chini yako kuna mto mpana wenye changarawe nyingi kuliko maji. Kingo ni fupi, hazifiki kiunoni, kwa hiyo mshike mtoto mkono. Siku ya upepo mkali kofia hairudi. Kukiwa na kimbunga au mafuriko hufungwa, na likivunjika matengenezo huchukua muda, basi uliza kabla ya kufunga safari.

Mchai wa huko ni sawa na wa Kericho au Mufindi?

Ni mmea mmoja, jamii mbili tofauti. Kwetu hupandwa zaidi aina ya Assam, yenye majani makubwa inayopenda joto. Japani hupanda aina ya China, yenye majani madogo na inayostahimili baridi. Mashamba mengi ya Shizuoka yana mchai uitwao Yabukita, ulioteuliwa mwaka 1908 na mkulima wa hapohapo Shizuoka, Sugiyama Hikosaburo, ambaye kwa miaka mingi hakuna aliyemsikiliza.

Kinachotenganisha chai nyeusi na ya kijani ni kinachofanyika baada ya kuchuma. Kericho majani hunyaushwa, husagwa, huachwa yachachuke hadi yawe ya kahawia. Shizuoka majani hupigwa mvuke upesi baada ya kuvunwa, ili yasichachuke kabisa, kisha husokotwa na kukaushwa hadi yawe vijiti vyembamba kama sindano. Makinohara wana mtindo wao: jua la uwandani hufanya jani liwe nene na kali, kwa hiyo wao hulipiga mvuke kwa dakika moja, mbili, au hata zaidi, badala ya nusu dakika ya kawaida. Jani hulainika, hukatikakatika, na kikombe hutoka na kijani kizito chenye vumbivumbi. Usidhani imeharibika. Ndivyo inavyotakiwa.

Nitawaona wachumaji na vikapu?

Ukienda na picha hiyo kichwani utaiona kwenye sherehe tu, wanawake wakiwa wamevaa nguo za buluu na mikanda myekundu. Kazi ya kweli hufanywa na mashine. Kuna ya kushikwa na watu wawili, mmoja kila upande wa mstari, ikiwa na kisu cha upinde na mfuko mrefu unaoburutwa nyuma. Ndiyo maana mistari ina migongo ya mviringo. Penye tambarare kuna mashine kubwa ambayo dereva hukaa juu na kupita na mstari chini yake. Mtu aliyezoea kuona kidole na kidole gumba vikichuma majani mawili na chipukizi atasimama kutazama.

Kuchuma mwenyewe inawezekana kwa msimu. Mahali panapojulikana ni Grinpia Makinohara, ambako pia huonyesha wageni kiwanda. Panafikika kwa teksi kutoka Kanaya. Weka nafasi mapema.

Zile nguzo zenye feni mashambani ni za umeme wa upepo?

Hapana, ingawa kila mgeni huuliza. Ni kama pangaboi lililong'olewa darini na kusimikwa juu ya nguzo. Usiku wa Machi na Aprili sakitu, yaani umande ulioganda kwa baridi, huweza kuunguza machipukizi yote ya kwanza, yaani pesa ya mwaka mzima. Hewa ya mita chache juu huwa na joto kidogo kuliko ya chini, basi feni hujiwasha zenyewe baridi ikifika kiwango fulani na kuisukuma ile hewa ishuke.

Niende lini?

Mwisho wa Aprili hadi katikati ya Mei, ndiyo mavuno ya kwanza na chai bora ya mwaka. Wajapani huhesabu siku ya 88 tangu mwanzo wa masika kwa kalenda yao ya zamani, ambayo huangukia tarehe 1 au 2 Mei, kuwa siku njema ya kuchuma. Tahadhari moja: kati ya tarehe 29 Aprili na 5 Mei Japani nzima iko likizoni, treni hujaa na hoteli hupanda bei.

Juni ni mvua, Agosti ni joto la kukera, Septemba ni vimbunga. Desemba na Januari michai bado ni ya kijani, hewa ni safi na Fuji huonekana vizuri zaidi, ila hakuna kinachovunwa. Jaketi ni lazima.

Yale majani makavu yaliyotandazwa kati ya mistari ni uchafu?

Ni mbolea na blanketi kwa pamoja. Wakulima wa huku hutunza vipande vya nyasi ndefu kando ya mashamba, wakavikata majira ya vuli na baridi, wakakausha na kutandaza chini ya michai. Kwa kuwa nyasi hukatwa kila mwaka, vichaka havipati nafasi, na maua ya porini na wadudu ambao kwingine wametoweka bado wanaishi humo. Mwaka 2013 shirika la chakula na kilimo la Umoja wa Mataifa, FAO, liliuingiza utaratibu huo kwenye orodha ya urithi wa kilimo wa dunia. Ukitazama magharibi kutoka uwandani utauona mlima Awagatake, una herufi kubwa ya chai iliyopandwa kwa miti ubavuni mwake. Hiyo huonekana hata kutoka kwenye Shinkansen.

Naweza kuomba maziwa na sukari?

Kuomba unaweza, ila utaona nyuso zikibadilika. Chai hii hainywewi na maziwa wala sukari, na mtu aliyekulia chai ya maziwa yenye tangawizi anahitaji vikombe viwili vitatu kabla ulimi haujaielewa. Utamu wake ni wa mbali, wa majani mabichi na kidogo wa supu. Huletwa na kitafunio kitamu, aghalabu cha maharage mekundu yaliyopondwa na sukari. Ukila kwanza kisha ukanywa, hutatafuta sukari kikombeni.

Mbona nyumbani inakuwa chungu?

Maji yamechemka mno. Kwetu maji ya chai ni yale yanayotokota, na mazoea hayo huiua sencha, yaani chai hii ya kijani ya majani. Chemsha, kisha mimina maji kwenye vikombe kwanza, uyaache yapoe hadi nyuzi 70 au 80, ndipo uyatie kwenye birika lenye vijiko viwili vya majani. Kwa sencha ya kawaida subiri dakika moja. Hii ya Makinohara nusu dakika inatosha. Mimina hadi tone la mwisho, maana yakibaki maji majani yanaendelea kutoa ukali. Mzunguko wa pili tumia maji ya moto zaidi na usisubiri.

Ina kafeini? Nitalala?

Sencha ina takriban miligramu 20 katika mililita 100, theluthi moja ya kahawa. Gyokuro, ile inayokuzwa kivulini, huandaliwa nzito na hufika miligramu 160, hivyo usiinywe jioni ukidhani ni kitu chepesi.

Makumbusho yana nini, na yanafunguliwa lini?

Yalifunguliwa kwa sura yake ya sasa mwaka 2018. Kiingilio ni kidogo, mamia machache ya yen, na kwa kawaida hufungwa Jumanne. Utanusa na kugusa chai za nchi nyingi, na kuna jiwe la kusagia matcha ambalo unazungusha mwenyewe. Jaribu. Utaelewa bei ya matcha mkono ukianza kuuma: jiwe la mashine lenyewe hutoa gramu 40 hivi kwa saa. Nje kuna bustani na nyumba ya chai zilizojengwa kwa kufuata kazi za Kobori Enshu, bingwa wa karne ya 17. Ukipewa matcha humo, vua viatu, pokea bakuli kwa mikono miwili, lizungushe kidogo ili usinywe upande wake wa mbele. Magoti yakikataa kukunjwa sema tu. Si wewe wa kwanza.

Mimi ni Mwislamu. Nitakula nini, nitaswali wapi?

Chai yenyewe haina tatizo. Vitafunio vya maharage kwa kawaida ni vya mimea. Tambi za chai ndizo za kuuliza, kwa kuwa mchuzi wake mara nyingi hutiwa mirin, ambayo ni pombe ya mchele. Tempura ya majani mabichi ya chai, yaani majani yaliyochovywa kwenye unga na kukaangwa, ni tamu, lakini nayo huja na mchuzi huohuo. Iombe na chumvi. Uwandani usitarajie msikiti: beba msala, tia udhu stesheni. Kibla kutoka Shizuoka ni magharibi ikiegemea kaskazini.

Ninunue kiasi gani cha kurudi nayo?

Kidogo na nzuri. Chai ya kijani huzeeka upesi. Pakiti ikishafunguliwa imalize ndani ya mwezi, na usiiweke kabati moja na bizari na iliki, itanukia pilau. Miche na mbegu usibebe, forodhani watakuuliza.

Nasikia mashamba yanaachwa. Ni kweli?

Ni kweli, na utayaona: mistari ambayo haijakatwa miaka kadhaa, michai imeota mirefu kuliko mtu, mizabibu ya porini juu yake. Wakulima wamezeeka, vijana wa Japani hunywa chai ya chupa, na mwaka 2024 mkoa wa Kagoshima uliipita Shizuoka kwa uzalishaji wa chai ghafi, nafasi ambayo Shizuoka ilikuwa imeizoea. Dunia nayo inataka matcha, wakati Makinohara ni nchi ya sencha. Baadhi wanabadilisha mashine na kufunika mashamba kwa vitambaa vyeusi. Wengine umri hauwaruhusu kuchukua mkopo wa mashine mpya. Ukikuta kibanda cha mkulima kando ya barabara, nunua hapo kabla ya kufika dukani.

Nikikosa basi la kushuka Kanaya?

Tembea. Njia ya mawe ina mita 430, wakazi waliitandika upya mwaka 1991, na kutoka makumbusho hadi stesheni ni kama nusu saa, karibu yote mteremko. Mvua ikiwa imenyesha mawe huteleza. Pita barabara ya lami.